Fimbo ya Bahari Iliyopimwa Igombe

Tangu nistaafu, simu zenu haziniachi. Mama Agatha, mteja anataka fimbo ya kayaki, nimpe ipi? Mama, chuma hiki si kizito mno? Nimeona bora niandike mara moja mnisome wote, nami nipate kupalilia karanga zangu hapa Goweko bila kushika simu kwa mikono yenye udongo. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Cheo kilikuwa kimoja tu, fundi, na mshahara wake mnaujua, tusiharibu siku.

Nilianza kazi nikiwa binti. Karakana ilikuwa palepale ilipo sasa, nyuma ya duka la zana za uvuvi mjini Tabora, ila siku hizo paa lilivuja juu ya meza ya nyuzi, na kila masika tulihamisha meza badala ya kuziba paa. Watu wa nje hucheka wakisikia Tabora kuna mafundi wa fimbo za kuvulia. Bahari iko wapi, huuliza. Nawajibu kwamba mto Ugalla tunao, bwawa la Igombe tunalo, na treni inatufikisha Kigoma ziwani. Huko kote watu wanavunja fimbo, na fimbo haijui kujiunga yenyewe.

Aliyeziunga alikuwa Mzee Kibwana. Hakuwa mzee bado, alijiita hivyo ili apewe kiti. Alikuwa Mzaramo aliyezaliwa ufukweni, akafuata reli mpaka Tabora, akaoa, akabaki. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kabila gani, binti?"

"Mnyamwezi."

Akaiweka chini fimbo aliyoishika, akawageukia wateja. "Jamani, mzigo wangu umepata mbebaji!"

Nyinyi vijana mliokulia kwenye simu huenda hamkufundishwa vizuri, kwa hiyo niseme. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walishuka pwani na mizigo kichwani, wakafikia kwa Wazaramo, wakauguzana na kuzikana, na utani ukazaliwa humo. Mtani anakutukana mbele ya watu, anaondoka na kofia yako, na msibani kwako anaigiza jinsi marehemu alivyotembea mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao. Huruhusiwi kununa. Basi nikamjibu kwamba mzigo nitabeba, lakini yeye asijipakie juu yake, maana nasikia watu wa pwani wakichoka kukaa huomba kubebwa. Alicheka mpaka akakohoa, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Jaribio lilikuja baada ya chai. Alinipa ufito, uzi na pete moja ya kupitishia mshipi, akasema funga. Nilifunga kama tulivyofunga majani ya tumbaku nyumbani, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake, mwisho nikauchomeka uzi chini ya mizunguko yake wenyewe. Akauvuta kwa meno. Haukulegea. "Nani kakufundisha?" "Tumbaku," nikasema. Akanionyesha kopo la nta ya nyuki ya kupaka juu ya uzi, na tangu siku hiyo kazi ya pete ikawa yangu. Nta ya kwetu ni nzuri mno kwa kazi hii. Msidanganywe na gundi za kwenye vichupa.

Sasa nianze na fimbo, maana ndiyo mnayoniuliza zaidi. Mtu akija dukani hushika fimbo akiwa amesimama, akaipeperusha hewani, akaipenda. Huo ni ununuzi wa mtu wa ufukweni. Anayevua kwenye mtumbwi mdogo amekaa, makalio yake yako karibu sawa na maji, miguu imenyooka mbele. Kibwana alikuwa akimkalisha mteja sakafuni, awe mkulima au bwana mkubwa mwenye suruali ya pasi. Unakaa, unanyoosha miguu, unashika fimbo. Mtu mwingine anashika mshipi na kuupitisha mbele ya vidole vya miguu yako kutoka kulia kwenda kushoto, kama samaki anavyozunguka ncha ya chombo. Fimbo isipoweza kuifuata safari hiyo, ni fupi mno. Kisha unajaribu kuishika ncha yake kwa mkono bila kuinuka. Usipoifikia, ni ndefu mno, na siku utakapotaka kuupata mshipi wako utainuka, na ukiinuka utaogelea. Nimeona watu wazito wa mji huu wamekaa pale sakafuni kama watoto wa chekechea. Hakuna aliyejuta.

Jambo la pili ni mpindo. Fimbo ngumu inayopinda nchani tu inampa samaki nafasi ya kukuvuta wewe na chombo chako. Mtafutieni mtu wa kayaki fimbo inayoanza kupinda nchani na kuendelea mpaka karibu na mpini, ichoke yenyewe kabla ya mgongo wake. Na mwambieni asiiinue wima samaki akiwa chini ya chombo. Fimbo nyingi nilizounga zilivunjwa hivyo, na kila mwenye fimbo alisema samaki alikuwa mkubwa. Sijawahi kuunga fimbo iliyovunjwa na samaki mdogo.

Vyuma, vile visamaki vya risasi vyenye ndoana vya kumhadaa samaki, tulikuwa tukivimimina wenyewe nyuma ya karakana. Tuliyeyusha risasi ya betri kuukuu, tukaimwaga kwenye kalibu za udongo tulizochomewa na mama mmoja mfinyanzi wa Usoke, halafu tukapiga msasa na kupaka rangi. Kalibu ikiwa na unyevu, risasi inarukia uso wako, kwa hiyo masika tulipumzika kumimina. Wanaume waliona kazi hiyo si ya mwanamke. Nilipogundua kwamba wao huimwaga kwa pupa na vyuma vyao vinatoka na mashimo kama mkate, niliacha kubishana, nikaendelea kumimina.

Chuma chembamba kirefu hushuka haraka. Hicho ni cha maji ya kina na mkondo mkali. Chuma kipana, bapa, hushuka kwa kuyumba, kinageuka huku na huku kama jani kavu, na samaki wengi hukirukia kikiwa kinaanguka, kabla hujakivuta hata mara moja. Uzito upimeni kwa mshipi: ukisimama wima umepatia, ukilala ubavu chuma ni chepesi. Rangi sitaieleza sana. Mzee Kibwana alikuwa na samaki mmoja tu aliyethibitisha kwamba anapenda waridi, naye alikuwa mteja kutoka Kaliua.

Bahari niliiona kwa mara ya kwanza kwa ajili ya vyuma hivyo. Hoteli moja ya pwani ilikuwa imeanza kuwakodishia wageni kayaki, vile vimtumbwi vya plastiki vya mtu mmoja, ikataka fimbo na vyuma vya kujaribu. Tulipanda treni mpaka mwisho wa reli, kisha basi, Kibwana na mimi, tukaishia Bagamoyo. Nilifikiri sana njiani. Babu wa babu yangu aliitembea njia hiyo kwa miguu na pembe ya ndovu begani, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti na begi la risasi chini ya miguu, nikila mahindi ya kuchoma niliyonunulia dirishani. Niliona raha na aibu kidogo.

Tulivua asubuhi nzima, tukapata kolekole wawili na jeraha moja la kiburi, la kwangu, kwa kutapika. Mwisho wa siku nikafanya kama tunavyofanya Ugalla: nikazamisha fimbo, vyuma na ile rili ya kukunjia mshipi katika maji ya bahari, nikasugua mchanga wote, nikavipanga vikiwa safi vinang'aa. Kibwana alikuwa amekaa pembeni anakunywa kahawa. Tulipofika Tabora nikafungua begi, ndoana zote zilikuwa nyekundu kwa kutu na rili imegoma kuzunguka. Nikamwambia.

"Nilikuona," alisema. "Unaosha chumvi kwa chumvi."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia, ungesahau. Sasa hutasahau mpaka kufa, Mnyamwezi."

Sijasahau. Chombo cha baharini huoshwa kwa maji ya kisima siku ileile, na ndoana zake ziwe zile zilizopakwa bati. Hilo liandikeni ukutani.

Baada ya safari ile, maagizo ya pwani hayakukoma. Hoteli ilituletea hata kayaki moja kuukuu ya kufanyia majaribio, ile mnayoijua, ya kukanyaga kwa miguu kama baiskeli. Tulikuwa tukiipeleka Igombe juu ya pikapu, na wavuvi wa kambare wakija kuitazama walimwonea huruma Kibwana kwa kuendesha baiskeli majini. Yeye alikuwa na mpango wake, alioutangaza kila siku hata asipoulizwa: akistaafu atarudi pwani kwa dada yake, na kila asubuhi atatoka na kayaki kuvua mpaka jua lichome, kisha alale. Tulimwambia huo si mpango, ni tabia aliyo nayo tayari.

Kiharusi kilimpata asubuhi moja akinywa chai kwa bintiye Zuhura, ambaye alikuwa akiishi naye tangu mkewe afariki. Mdomo ulirudi sawa, mguu ukarudi taratibu. Mkono wa kushoto haukurudi. Ulining'inia tu, na hata ukiuchoma na sindano hakusikia. Zuhura, muuguzi wa zahanati, mwanamke mpole asiyetaka mchezo, alimtunza vizuri kuliko nilivyowahi kuona mtu akitunzwa. Habari ya pwani aliifunga. Mtu wa mkono mmoja aende baharini peke yake kwenye plastiki? Na Kibwana alimkubalia. Hilo ndilo lililotuogopesha, maana hatukuwahi kumsikia akikubali kitu.

Tulikwenda kumwona kila wiki, karakana nzima. Tulipeleka machungwa. Tulikaa kwenye mkeka tukiongea kwa sauti ya kanisani: pole Mzee, Mungu mkubwa, utapona Mzee. Nami hivyohivyo, mtani wake. Ningeanzaje kumtania mtu anayefutwa mate? Kila tulipokwenda alikuwa amepungua, si mwili, sauti. Akaanza kujibu kwa kichwa. Siku moja wenzangu waliondoka, nikabaki kumenya machungwa, akaniita.

"Agatha."

Nilishtuka. Katika miaka yote hakuwahi kuniita kwa jina langu.

"Abee, Mzee."

"Mzaramo akifa, maiti yumo ndani, Mnyamwezi hufanya nini?"

"Humtania, Mzee."

"Hata maiti anataniwa." Akanitazama. "Mimi tangu niugue mnanipa pole tu. Sasa mimi nani? Kwa wazima simo, na kwa maiti mmeninyima haki yangu."

Niliona uchungu, nikaona pia ujinga wetu sote, watu wazima waliofunzwa mila, tulivyomvua mtu heshima yake tukidhani tunamvika. Nikaweka kisu chini.

"Mkono wako haujafa," nikamwambia. "Umetoroka kazi. Na wala hatukushangaa, ni mkono wa mtu wa pwani."

Zuhura alikuwa mlangoni na sinia ya uji. Alisimama kama amepigwa kofi. Kibwana alinikodolea macho, halafu tumbo likaanza kumtikisika, akacheka kile kicheko chake cha kukohoa mpaka nikamshika mgongo.

"Mbebaji," alisema alipopata pumzi, "niletee fimbo. Ya bahari."

Zuhura alinifuata mpaka nje. Hakupaza sauti. "Mama Agatha, usimpe baba tumaini ambalo hutaweza kulibeba. Akizama, ndiyo utakuja kuigiza mwendo wake hapa uani?"

Alikuwa na haki. Tukakubaliana hivi: nimtafutie fimbo na vyuma, tumpeleke Igombe. Afanye kila kitu mwenyewe, kutoka kutupa chuma mpaka kumtoa samaki kwenye ndoana. Mtu yeyote akigusa kitu chake, Mzee haendi pwani, na nitakayemwambia hivyo ni mimi, kwa mdomo wangu. Kibwana alipoelezwa alisema masharti ni ya kitoto, akakubali.

Hiyo ndiyo fimbo ngumu kuliko zote nilizowahi kuchagua. Nilianza na ile aliyoipenda zamani, akakaa sakafuni kwenye mtihani wake mwenyewe, na ikamshinda: kwa mkono mmoja ncha ilimlemea kabla hata mshipi haujavutwa. Nikapanga nyingine ukutani, tukazijaribu moja baada ya nyingine huku akizitukana. Tuliyoifikia ilikuwa fupi, nyepesi kama ufagio wa chelewa, yenye mpindo wa kuanzia nchani hadi mpinini, na mpini wenyewe niliukata ukalale chini ya kwapa. Tatizo likabaki rili. Mkono unaotikisa fimbo ndio huohuo unaopaswa kukunja mshipi. Nikachukua kipande cha bomba la maji, nikakiinamisha mbele na kukifunga kando ya kiti cha kayaki, nikalainisha mdomo wake kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Atikise chuma kwa mkono wa kulia. Samaki akishika, achomeke fimbo kwenye bomba, mkono uhamie kwenye rili.

Lakini kuchomeka kunataka muda, na chuma chembamba alichokuwa akikipenda maisha yake yote hushuka kwa kasi, samaki angekishika na kukitema kabla fimbo haijafika kwenye bomba. Nilimmiminia vipana, bapa, vya kuanguka polepole. Akanuna. Alisema hivyo ni vya watu wavivu. Nikamwambia ndiyo maana nimemletea yeye.

La mwisho lilikuwa ndoana, na hapa wazo lilinijia na usiku kucha halikuniacha. Vyuma vyetu vyote vilikuwa na ndoana za ncha tatu. Mkono wa kushoto wa Kibwana ulikuwa unalala mapajani kama mgeni; ndoana ikiuingia hatajua, atavuja damu mpaka aione. Nikang'oa zote, nikaweka ndoana za ncha moja zenye bati, na kwa koleo nikakilaza kile kijino cha nyuma kinachomzuia samaki asichomoke. Hivyo hata ikimchoma, itatoka kwa kuvutwa tu. Nilijua pia kwamba samaki naye atapata faida hiyohiyo. Sikumwambia Kibwana.

Tulikwenda Igombe asubuhi, kumetulia. Akavalishwa boya la kifuani, mvuvi mmoja wa bwawani akakaa karibu ndani ya mtumbwi wake na amri ya kutogusa kitu ila mtu akianguka majini. Zuhura alisimama pembeni yangu kwenye matope, simu mkononi, viatu vyeupe vya kazini vikizama. Kibwana akakanyaga taratibu, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, mpaka akafika kwenye kina. Akatupa. Chuma kikaanguka, akakitikisa, kikaanguka tena. Kambare hafuati chuma sana, ila kitu kikianguka karibu na mdomo wake kama samaki anayekufa, hachagui. Tulikaa muda mrefu bila kitu. Zuhura alikuwa anapumua kwa sauti.

Fimbo ikainama. Kibwana akaiinua, akalitafuta bomba, akalikosa mara ya kwanza, akalipata. Mkono ukahamia kwenye rili. Fimbo ikapinda mpaka kwapani, ikazunguka mbele ya ncha ya kayaki kama tulivyoipima sakafuni, na yeye akakunja, akangoja, akakunja. Kambare akatokeza ubavuni, mweusi, kichwa kama kiatu. Kibwana akainama kumshika, samaki akatikisa kichwa mara moja, ndoana ikachomoka, maji yakafunga.

Mvuvi aligeuza uso pembeni. Kibwana alibaki ameinama, anayatazama maji, na nikamwona Zuhura akiufunika mdomo kwa kiganja. Nilijua mimi ndiye niliyeiminya ile ndoana.

Kisha akakishika chuma, akakileta karibu na jicho, akapapasa ndoana kwa kidole gumba. Akageuka kuelekea kwetu.

"Mnyamwezi!" Sauti ilivuka bwawa zima, ndege wakaruka kwenye matete. "Mnyamwezi weee! Umekilaza kijino! Nani kakutuma? Umechukua ndoana ya mtu mzima ukaifanya pini ya kanga! Babu zako walipoteza pembe za watu njiani, na wewe unapoteza kambare wangu!"

"Samaki kakuona sura akaamua kurudi!" nikamjibu.

"Funga mdomo! Wa pili ndiyo huyu, tazama, usipepese!" Na akaichomoa fimbo kwenye bomba, akaibana chini ya kwapa, akatupa tena, huku anaendelea na ukoo wangu, safari hii upande wa mama.

Zuhura alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akaanza kubonyeza simu.

"Subiri," nikamwambia, "hajamtoa samaki hata mmoja. Tulikubaliana."

Hakunisikiliza. Aliiweka simu sikioni, akaziba sikio la pili kwa kidole ili makelele ya baba yake yasimzuie.

"Shikamoo shangazi. Ndiyo, tuko salama. Shangazi, tayarisheni kile chumba cha uani, baba anakuja huko kwenu." Akasikiliza. "Mkono bado. Ila waambieni majirani kabisa, mdomo anakuja nao."